Jina la Mjukuu wa Chwele: Iris ni Nini?



Juma hili hatuwaandikii kutoka pwani. Tunawaandikia kutoka Chwele, katika kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon ambao Wabukusu huuita Masaba, mahali ambapo alfajiri ina baridi ya kutafutia shali na soko huamka kabla ya jua. Safari ya kutoka Mombasa ni ndefu, na aliyewahi kupanda basi la usiku anajua jinsi magoti yanavyolalamika. Lakini tulikuwa tumeitwa kwenye kheri, na mwenye kuitwa kwenye kheri hahesabu magoti.

Binti yetu mmoja, mzaliwa wa Kuze, aliolewa huku na kijana Mwislamu wa Kibukusu, na sasa Mwenyezi Mungu amewaruzuku mtoto wa kike. Tulifika siku ya tano. Siku ya saba ilikuwa ya akika: kumchinjia mbuzi, kumnyoa nywele na kumpa jina. Mbuzi alikuwa amekwisha kununuliwa sokoni. Jina ndilo lililokuwa halijapatikana, au tuseme kweli, yalikuwa yamepatikana matatu.

Bibi mzaa mama, aliyesafiri pamoja nasi na kapu lake la viungo, alitaka jina la mmoja wa Mama wa Waumini. Kukhu, yaani bibi mzaa baba, alisema kwa upole lakini bila kuyumba kwamba msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Nafula, kama vile mvulana huitwa Wafula. Ndivyo Wabukusu walivyoziandika nyakati zao katika majina ya watoto: wa mavuno akawa Nekesa, wa kiangazi akawa Nasimiyu, wa njaa akawa Nanjala. Mama mtoto, aliyekuwa akinyonyesha kimya muda wote huo, akainua uso akasema, "Mimi nataka aitwe Iris."

Bibi akakiweka kikombe chini. "Iris ni nini?"

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Mama mtoto alisema ni ile duara yenye rangi ndani ya jicho. Wifi yake akasema la, ni ua, yeye ameliona kwenye kadi za harusi. Baba mtoto, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba Nairobi walikuwa wakiipiga picha kwa mashine na kuwalipa watu. Kisha kijana mmoja wa sekondari, aliyekuwa anamenya viazi bila kuulizwa lolote, akaongeza kwamba katika kitabu chake Iris ni mungu wa kike wa Wayunani.

"Astaghfirullah!" akasema bibi. "Mjukuu wangu apewe jina la sanamu?" Kisha akatugeukia sisi. "Nyinyi si ndio mnaotuandikia kila juma? Haya, tuelezeni."

Tulikuwa na siku mbili. Yanayofuata ni yale tuliyoyaeleza pale jikoni, pamoja na machache tuliyoyakumbuka tulipokwisha kuondoka.

La kwanza tulilowaambia ni kwamba wote wanne walikuwa wamesema kweli. Neno lenyewe ni la Kiyunani cha kale, na maana yake ya asili haikuwa jicho wala ua. Maana yake ni upinde wa mvua. Wayunani wa enzi hizo, kama walivyofanya kwa karibu kila kitu cha mbinguni na ardhini, waliufanya upinde huo kuwa kiumbe, wakamwita mjumbe wa miungu yao anayeshuka na kupanda baina ya mbingu na nchi. Kijana wa viazi hakukosea. Lakini neno la kawaida la watu wa kawaida waliokuwa wakitazama mvua ikipita lilikuwa ni hilo hilo, na kutoka kwenye rangi zile za mbinguni ndipo lilipokwenda kuitwa kila kitu chenye rangi za kupendeza: duara ya jicho, ua la bustanini, hata mng'ao wa lulu na shingo ya njiwa.

Mwenyezi Mungu akatuletea mfano siku ile ile. Saa kumi na moja jioni mvua ilikatika ghafla, jua likatoka magharibi, na watoto wa jirani wakapiga kelele. Tulitoka nje. Upinde ulikuwa umesimama mashariki, upande wa Kimilili, mguu mmoja ukiwa ndani ya mahindi. Bibi alitaka kuutafuta juu ya mlima, kwa kuwa mlima ndio mkubwa, tukamwambia ageuke alipe jua mgongo. Upinde wa mvua haukai popote isipokuwa mkabala na jua, na ndiyo maana huonekana asubuhi na jioni, wala hauonekani adhuhuri jua likiwa utosini.

Aliyeeleza vizuri jinsi upinde huo unavyotokea alikuwa Mwislamu, Kamal al-Din al-Farisi, mwanazuoni wa Uajemi aliyefariki yapata mwaka 1319. Alichukua tufe la kioo akalijaza maji, akalifanya kuwa tone moja kubwa la mvua, kisha akaufuata mwanga ndani yake. Akaona kwamba mwanga hupinda unapoingia katika tone, hugonga ukuta wa nyuma na kurudi, kisha hupinda mara ya pili unapotoka, na katika kupinda huko rangi hutengana. Wakati huo huo padri mmoja wa Ujerumani, Theodoric wa Freiberg, alifikia jibu hilo hilo bila wawili hao kujuana. Watoto wetu shuleni husomeshwa upinde wa mvua kwa majina ya Wazungu peke yao. Hilo la kwanza halina ubaya, lakini la pili wangeambiwa pia.

Bibi alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akarudi pale pale. Sanamu je?

Swali hilo si geni katika Uislamu, na ni la neno la Kiarabu kabisa. Waarabu huuita upinde wa mvua qausu quzah, upinde wa Quzah. Huyo Quzah alikuwa nani? Kabla ya Uislamu jina hilo lilihusishwa na mungu wa dhoruba, na pale Muzdalifa pana kilima kinachoitwa hivyo hivyo. Imamu an-Nawawi, katika kitabu chake al-Adhkar, ameandika kwamba ni makuruhu kuuita upinde kwa jina hilo, akitegemea riwaya iliyopokewa kwa Ibn Abbas kwamba Quzah ni shetani, na kwamba afadhali mtu aseme upinde wa Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha riwaya hiyo, na Waarabu wameendelea kusema qausu quzah hadi leo, wala hakuna anayekusudia kumwabudu yeyote. Lakini ona jinsi jambo lenyewe linavyofanana: Wayunani waliupa upinde mwenyewe, Waarabu wa ujahiliya wakaupa mwenyewe, na babu zetu wa Kiswahili wakausalimisha. Wakasema upinde wa mvua, basi. Mwenye upinde ni mvua.

"Na mvua ni Nafula," akasema kukhu kutoka kwenye jiko la kuni. Tukacheka sote, hata bibi.

Sisi si mufti, wala hatukujifanya mufti pale Chwele. Tulilowakumbusha ni lile lililomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina binti wa Sayyidna Umar aliyeitwa 'Aasiya, mwenye kuasi, akamwita Jamila. Maana ya jina ina uzito wake. (Wasomaji wetu wanaoitwa Asia wasitie shaka. Jina la mke wa Firauni, bibi mwema yule, huandikwa kwa alifu na sini, na lile lililobadilishwa huandikwa kwa 'ayn na swad.) Mwenye kutaka hukumu ya jina la kigeni amwendee sheikh wake akiwa na maana yake mkononi, badala ya kwenda na sauti yake tu. Binti yetu hakuwa akimfikiria mungu yeyote wa Wayunani. Alikuwa akifikiria jicho.

Alitueleza hayo usiku, bibi akiwa amelala. Alipowekewa mtoto kifuani, mtoto alifumbua macho kwa kitambo kidogo, na yeye akaona zile nyuzi ndogo ndogo zinazozunguka mboni, kama ukili uliosukwa duara. Akakumbuka neno alilolisoma katika somo la baiolojia. Hakuwa na neno jingine la Kiswahili la kitu hicho. Je, sisi tunalo?

Hapo tulikwama kidogo. Tunalo neno mboni, na ni neno zuri kuliko mengi, lakini mboni hasa ni ule mlango mweusi wa katikati unaopitisha mwanga, na duara yenye rangi inayouzunguka tumezoea kuijumlisha humo humo, au kuiita kiini cha jicho. Vitabu vya shule humwachia mwanafunzi irisi. Kazi yake ni kama ya pazia: ina misuli ya aina mbili, mmoja huibana mboni penye mwanga mkali na mwingine huifungua gizani, usiku na mchana, bila mwenye jicho kutoa amri. Ukimulika mboni kwa mshumaa utaiona ikijikunja. Wenye kamera wakaiga, na ile duara ya mabamba inayopunguza na kuzidisha mwanga ndani ya lenzi wakaiita irisi pia.

Rangi yake hutokana na ile ile inayotia ngozi zetu weusi. Wenye macho ya buluu hawana rangi ya buluu ndani ya irisi. Wana uchache wa weusi, na mwanga hutawanyika mle kama unavyotawanyika angani. Waganga wa Baghdad walikuwa wakiligawa jicho tabaka kwa tabaka zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo aliyeandika kwa Kiarabu na kufariki mwaka 873, alitaja tabaka la 'inabiya, la mfano wa zabibu, kwa sababu lina tundu mbele kama zabibu iliyochomolewa kikonyo. Madaktari wa Kiarabu wa leo huiita irisi kuzahiya, ya upinde wa mvua. Neno limetoka mbinguni likaingia jichoni katika lugha zote mbili, Kiyunani na Kiarabu.

Kukhu naye alikuwa na lake. Tulipotaja mboni aliuliza kama ni Kiswahili kweli, maana kwa Kibukusu kuona ni khubona. Naam! Kitenzi chetu cha kuona kilipoteza ile b zamani, Kibukusu kikaihifadhi, na sisi tukabaki nayo ndani ya mboni peke yake. Mboni ni chenye kuona. Wakwe wawili waliokuwa wakivutana tangu asubuhi wakatazamana, mmoja wa Kuze na mwingine wa Chwele, wakakuta wana neno moja.

Tukiwa bado kwenye jicho, mtuwie radhi tuseme mawili ya nyumbani. La kwanza ni wanja. Tunajua mapenzi yetu ya kumtia mtoto mchanga wanja, na bibi alikuwa na kichupa chake ndani ya kapu. Wanja unaouzwa bila maandishi wala kujulikana ulikotengenezwa mara nyingi hukutwa na madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo wake, wala haina kiasi kinachojulikana kuwa salama. Bibi alikirudisha kichupa ndani ya kapu kwa shingo upande. La pili: mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, au katika picha ya simu jicho moja likang'aa weupe huku la pili likiwa jekundu, asiambiwe mtu kwamba ni kijicho wala isingojwe arubaini iishe. Apelekwe hospitali upesi, kwa daktari wa macho. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, na yaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikiwahiwa hutibika.

Sasa tumfikie baba mtoto na mashine yake, kwa kuwa hilo ndilo lililotunyima usingizi.

Zile nyuzi alizoziona binti yetu katika jicho la mwanawe huanza kufumwa tumboni mwezi wa tatu wa mimba, na kufikia mwezi wa nane huwa karibu zimekamilika. Hazifanani kwa watu wawili. Mapacha wa kufanana kila kitu hawafanani irisi, na jicho la kulia la mtu halifanani na la kushoto. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, John Daugman, alitafuta hesabu ya kuzigeuza nyuzi hizo kuwa tarakimu, na mwaka 1994 akapewa hataza yake. Tangu hapo jicho likawa kitambulisho. Falme za Kiarabu zilianza kulitumia mipakani mwaka 2001 kuwatambua waliowahi kufukuzwa nchini humo, na wale wa kwetu waliokwenda Dubai kutafuta riziki wanajua kusimama mbele ya kamera ile. Mwaka 2016 katika kambi ya Zaatari huko Jordan, wakimbizi wa Syria walianza kununua unga na mafuta dukani kwa kutazama kamera tu, bila pesa wala kadi.

Kisa kimoja tuliwasimulia kwa urefu, kwa kuwa ni cha mwanamke Mwislamu. Mwaka 1984 mpiga picha wa Marekani, Steve McCurry, aliingia katika kambi ya wakimbizi wa Afghanistan huko Pakistan, akampiga picha msichana wa umri wa miaka kumi na mbili hivi, mwenye macho ya kijani na mtandio mwekundu. Mwaka uliofuata picha hiyo ilikaa kwenye jalada la jarida la National Geographic na kuzunguka dunia nzima. Jina lake halikuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Kwa miaka kumi na saba uso wake ulikuwa ukutani kwa watu asiowajua, naye hajawahi kuiona picha yenyewe. Walipokwenda kumtafuta mwaka 2002, wanawake zaidi ya mmoja walidaiwa kuwa ndiye. Ilipofika kwa Sharbat Gula, mama wa watoto anayejisitiri, ni Daugman aliyezilinganisha irisi za picha ya kale na za picha mpya, akathibitisha. Sharbat Gula alisema alikumbuka kwamba siku ile alikasirika, kwa kuwa aliyempiga picha alikuwa mtu asiyemjua.

Jicho lake halikumfaa sana. Mwaka 2016 alikamatwa Peshawar kwa kosa la kuwa na kitambulisho cha Pakistan kisicho halali, akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021, Taliban waliporejea madarakani, Italia ikampa hifadhi. Mwanamke aliyekuwa maarufu kwa macho kuliko wote duniani aliteseka kwa kukosa karatasi.

Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na hao wa Nairobi, walikuwa wanayatakia nini macho ya watu?"

Mwezi wa Julai 2023 mradi ulioitwa Worldcoin, ambao mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, ulizinduliwa rasmi duniani, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizoupokea kwa wingi. Mtu alitakiwa kutazama ndani ya tufe la fedha linalong'aa, lenye ukubwa wa mpira mdogo, likapiga picha irisi zake, na badala yake akapewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya shilingi elfu saba hivi. Kwa kijana asiye na kazi elfu saba si kitu cha kudharau. Foleni katika jumba la mikutano la KICC zilikuwa za maelfu. Tarehe 2 Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Bunge likaunda kamati ya kuichunguza. Mei 2025 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Roselyne Aburili katika kesi iliyofikishwa na Taasisi ya Katiba na wenzake, iliona kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ikaamuru zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Miongoni mwa hoja za hukumu hiyo ni kwamba ridhaa inayopatikana kwa kuahidiwa fedha si ridhaa huru.

Baba mtoto alikuwa Nairobi siku hizo. Alikwenda, akafika akachelewa, watu wamekwisha kurudishwa. "Nilisikitika sana," alituambia, kisha akamtazama bintiye. Hakuendelea, nasi hatukumchokonoa.

Tunaweza kubadilisha nenosiri la simu likiibwa, na kadi ya benki tukapewa nyingine. Irisi hatuna ya akiba. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe atapigwa picha ya jicho, iwe kwa msaada, kwa masomo au kwa zawadi, ana haki ya kuuliza picha hiyo itakaa wapi, nani ataiona na itafutwa lini, tena aulize kabla ya kuweka sahihi. Haki hiyo imo katika sheria ya Kenya. Kuuliza si utovu wa adabu.

Likabaki ua, na wifi alikuwa anangoja zamu yake kwa subira ambayo hatukuistahiki.

Ua hilo kwa Kiarabu ni sausan, na ndilo jina la binti wengi kutoka Misri hadi Iraki. Wengine wetu huku tunao akina Sausan bila kujua ni ua gani. Katika vitabu vya tiba vya Kiarabu, Ibn Sina akiwa mmoja wao, mzizi wa sausan ya rangi ya samawati unatajwa kwa jina la irsa. Hilo ni neno lile lile la Kiyunani, limevaa kanzu. Mzizi huo ukichimbwa na kukaushwa kwa miaka hutoa harufu tamu, na watengeneza manukato wa leo huununua kwa bei ya kutisha. Ipo pia sausan nyeupe ya Yemen na Bara Arabu ambayo Waislamu wa zamani waliipanda juu ya makaburi ya wapendwa wao. Haitoi mbegu, huenezwa kwa kupasuliwa mzizi na kupandwa kwa mkono, na kwa mikono hiyo ilifika mpaka Andalusi. Popote inapochanua katika nchi ambazo Waislamu waliondoka zamani, yupo aliyeipanda. Kwetu Afrika Mashariki yupo ndugu yake mdogo wa porini, mwenye ua jeupe lililoguswa njano na zambarau, ambalo huchanua na kunyauka siku moja. Siku hizi hupandwa kando ya barabara za miji, nasi hupita bila kumjua.

Na ukoo huo wa mimea una jamaa mmoja ambaye hakuna jikoni la pwani lisilomjua. Ni zafarani. Zile nyuzi nyekundu ni ncha za ua la zambarau la jamii ya iris, tatu tu katika kila ua, nazo huchumwa kwa vidole alfajiri. Kilo moja hutaka maua laki moja na nusu hivi, na hiyo ndiyo sababu muuzaji huipima kama dhahabu. Ndiyo iliyokatazwa mhirimu kuvaa nguo iliyotiwa, na ndiyo tunayoipaka wali wa birinyani, na ndiyo waliyokuwa wakiandikia kombe wazee wetu. Bibi alikuwa na kikopo chake kwenye kapu, kwa ajili ya karamu ya akika.

Siku ya saba ilifika. Mbuzi alichinjwa, jirani wakapelekewa fungu lao. Jina lilitolewa na babake baada ya alasiri, na wanawake watatu walikuwa wamekwisha kukubaliana juu yake usiku uliotangulia, bila sisi kuwamo chumbani. Hatutaliandika hapa. Ni la mtoto, na bado hajaweza kuulizwa. Tutasema tu kwamba kukhu hakukosa mvua yake na bibi hakukosa dua yake.

Mtoto akanyolewa, nywele zikawekwa kwenye sahani zipimwe kwa sadaka ya fedha. Kisha bibi akafungua kile kikopo, akazilowesha nyuzi chache ndani ya marashi mpaka zikatoa rangi, akampaka mjukuu wake utosini, kama alivyosimulia Buraida katika Sunan ya Abu Daud, kwamba watu wa ujahiliya walikuwa wakiwapaka watoto damu ya mnyama wa akika, na Uislamu ulipokuja wakawa wanawapaka zafarani.

Mama mtoto alikuwa akitazama kile kichwa kidogo kikigeuka rangi ya jua la jioni. "Mama," akasema, "hiyo si ndiyo waliyosema ni ukoo wa iris?"

"Nyamaza," akasema bibi, akiendelea kupaka. "Mtoto amelala."